Fundi Asiyeficha Mshono

Bango lenyewe unalijua hata kama hujawahi kufika Kolwezi. Maporomoko ya maji meupe kama maziwa, daraja jekundu, maua makubwa kuliko kichwa cha mtu, na nyuma yake maghorofa ya vioo ambayo hayajajengwa popote duniani. Karatasi ya kung'aa, imechapwa China, inauzwa sokoni ikiwa imeviringishwa na kufungwa mpira. Huku Lualaba, kusini mwa Kongo, mabango hayo yalipata makao ambayo mchapaji wake hakuyawaza: ndani ya mahema ya turubai na viroba, kwenye kambi za wachimbaji wa mkono, bacreuseur kama tunavyowaita. Mtu anatoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope, anainama kuingia hemani, na mbele yake kuna bustani.

Msanii Sammy Baloji alipiga picha katika kambi hizo kati ya 2009 na 2011, na kazi iliyotoka akaiita Kolwezi, basi. Aliweka picha ya machimbo upande huu na bango la China upande wa pili, zikatazamana. Hakuna mshale wa kukuonyesha uangalie wapi, wala uso wa mtoto anayelia. Nilipoziona mara ya kwanza nilizipita haraka. Nikajisemea ni utani wenye uchungu kidogo, nimeuelewa, twende. Ilinichukua muda kugundua kwamba jicho langu lilikuwa likivuka ule mpaka kati ya picha mbili, huku na huku, na kila likivuka linarudi na kitu. Udongo mwekundu unaanza kuonekana kama rangi iliyochaguliwa na mtu. Lile bango nalo linaanza kuonekana kama mahali, kana kwamba kuna basi la kwenda huko.

Ni ule mpaka ninaotaka kuuzungumzia, na fundi anayejua kuuacha.

Kolwezi ilikuwa tayari na picha yake, na haikupigwa na mtu wa hapa. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, chama kilichozaliwa na mabaki ya jeshi la Tshombe, yule aliyeitenga Katanga, huko uhamishoni Angola, waliuteka mji. Tarehe 19 Mei Ufaransa ikawamwaga askari wa miavuli wa Jeshi lake la Kigeni, na kesho yake Wabelgiji wakatua kuwaondoa raia wa Ulaya. Wazungu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa, na Waafrika mamia. Waandishi walifuata nyuma ya askari, wakapiga kilichokuwa mbele ya lenzi: miili ndani ya nyumba, miavuli, familia za Kizungu zikikimbilia ndege. Kisha ndege zikaondoka nao. Kwa wasomaji wa Paris na Brussels, Kolwezi ikawa jina la siku chache za mwezi wa tano, na wale mamia wengine wakabaki tarakimu, tena tarakimu ya kukisia.

Sisemi hivi kwa kuwadharau wapiga picha wa vita. Kushika kamera huku risasi zinapita ni kazi ya watu wachache sana, na Afrika Mashariki ilimtoa mmoja wa wakubwa wao, Mohamed Amin wa Nairobi, aliyepoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia. Lakini kazi ile ina saa yake. Inakwisha moto unapozimika. Anayekuja baada ya hapo, akaukuta ukuta umebaki na nyasi zimeota, anahitaji ufundi mwingine kabisa, na aghalabu hana mtu wa kumfundisha.

Mfano wa jinsi ya kuukosa ufundi huo tunao, na unatuhusu. Mwaka 1980 ilitoka filamu ya Kifaransa kuhusu miavuli ile ya Kolwezi, La Légion saute sur Kolwezi. Aliyeiongoza ni Raoul Coutard, ambaye ujanani alikuwa mpiga picha wa vita Indochina kabla hajawa bwana kamera wa mwongozaji Godard. Huyu hakuwa mtu wa kuogopa kurudi: alikwenda Vietnam, vita vikiwa bado vinawaka, akatengeneza huko huko filamu ya Hoa-Binh, iliyotoka mwaka 1970. Ila Kolwezi hakuja. Filamu ilipigwa Guyane ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Mtu wa hapa akiitazama, waigizaji anawaona baadaye. Kwanza anaiona miti. Kijani kile si cha kwetu. Miombo yetu haijui kuota namna ile.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka huohuo wa 1978. Alianza na katuni. Kamera aliishika ili apate picha za kuchorea. Kazi iliyomtambulisha ni Mémoire, ya mwaka 2006, na ili uielewe lazima ukumbuke tulikuwa wapi wakati ule. Gécamines, kampuni ya migodi iliyoirithi Union Minière ya Wabelgiji, ilikuwa mgonjwa wa kitandani. Mwaka 1986 ilitoa tani kama 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa Kolwezi, ukaporomoka, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 tani za mwaka mzima hazikufika 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo hadi leo likitajwa watu hucheka kicheko kikavu. Wazee walizoea kusema kampuni njo baba, njo mama. Shule ilitoka huko, hospitali ilitoka huko, na unga pia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ana kitabu kizima juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Basi Baloji akaenda Likasi, akapiga viwanda vilivyokufa: mabati yenye kutu, reli zisizo na behewa, kuta zinazotazama anga. Halafu akaingia katika picha za kumbukumbu za kampuni, akawatoa watu waliopigwa humo enzi za Mbelgiji, akawasimamisha mbele ya magofu. Vibarua waliopangwa mstari. Watu wenye minyororo shingoni. Mabwana wa nguo nyeupe na kofia ngumu.

Hapo tulia uangalie mikono ya fundi, kwa sababu kueleza wazo ni rahisi na kulitenda ni shughuli. Mandhari pana ya namna ile haishikiki kwa kubofya mara moja. Kamera hukaa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kidogo kidogo, kila picha ikilalia sehemu ya iliyotangulia, na mwanga ukishapimwa mara moja unafungwa hapo hapo. Ukiiachia kamera ijipimie yenyewe, anga litatoka mistari mistari kama shuka lililochujuka. Na wingu halikungojei. Kama limehama kati ya picha ya tatu na ya nne, utalikuta mara mbili.

Kisha mtu wa zamani anakatwa. Mtu aliyepigwa picha enzi zile alisimama mbele ya kamera nzito, na wapo waliotikisika. Vidole vina ukungu, ncha ya mguu imeyeyukia kwenye udongo, hujui ngozi inaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Mkataji mvivu hupita ndani kidogo ya mstari, na mtu anatoka amekonda. Mkataji mwoga hupita nje, akamwachia utando wa karatasi kuukuu unaomzunguka kama mwanga wa mtakatifu. Baada ya hapo kuna kimo. Ikiwa mpiga picha alisimama wima kwenye uwanja sawa, macho ya waliosimama mbele yake hukaa karibu na mstari ambapo ardhi inakutana na anga. Wapandishe kidogo, wanaelea. Washushe, wamezama au wamekuwa watoto. Kila jicho la binadamu linajua hesabu hiyo bila kuisomea, ndiyo maana picha ya uongo hutukera kabla hatujajua kwa nini.

Baloji anayalinda hayo yote, halafu anaacha wazi jambo moja ambalo fundi wa picha za harusi angelifunika kwanza: rangi. Watu wake wanabaki wa rangi nyeusi na nyeupe, magofu yanabaki na kutu yake. Wamesimama pale barabara, uzito uko miguuni, na papo hapo hawapo. Kila studio ya mtaani Lubumbashi inajua kumweka bwana harusi mbele ya Mnara wa Eiffel, na sifa ya studio ni kwamba mshono usionekane. Huyu ana mkono wa kuuficha, na anauonyesha, mfano wa fundi cherehani aliyeunga vitenge viwili kwa uzi wa rangi ya tatu. Mwaka 2007 tamasha la picha la Bamako lilimpa zawadi, na mwaka 2010 picha zile zikawa kitabu New York pamoja na maandishi ya mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Sijui kama waamuzi walitazama kingo za vidole. Ningetazama hizo.

Nilijaribu mwenyewe, na hapo ndipo heshima yangu ilipoanza.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa kampuni, ana picha aliyopigwa miaka ya 1970 nje ya nyumba yake katika mtaa wa wafanyakazi, hapa hapa Kolwezi. Shati jeupe, suruali pana chini, mkono juu ya usukani wa baiskeli mpya. Nilimwomba niende nayo hadi pale, nisimame aliposimama mpiga picha, kisha nimrudishe yeye na baiskeli yake mbele ya kilichobaki. Kilichobaki ni ukuta mmoja na nusu ya ngazi. Ilikuwa mwezi wa sita. Niliipata sehemu kwa kufuata tundu la dirisha, nikafurahi, nikatazama chini. Kivuli. Katika picha ile, kivuli cha baiskeli kilikuwa kimelala kuelekea ukutani. Vyangu vyote vililala kuelekea barabarani. Nikasema ni saa tu, nitarudi mchana. Nikarudi saa sita kamili, bado.

Nilikaa juu ya ile ngazi hadi nikakumbuka somo la shule ya msingi. Kolwezi iko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linakuwa kaskazini yetu na vivuli vinalala kusini. Mwezi wa kumi na mbili jua limeshatupita, liko upande wa kusini, na kivuli cha adhuhuri kinageuka na kulala kaskazini. Picha ya jirani ilipigwa wakati wa mvua. Ningetazama anga ningejua mapema: lake lilikuwa na mawingu ya kusimama, yamejaa kama pamba, na langu lilikuwa jeupe la kiangazi, vumbi la malori na moshi wa nyasi zinazochomwa.

Nikangoja miezi sita. Desemba nilipokwenda, pale baiskeli iliposimama palikuwa na shimo, limefunikwa turubai la rangi ya machungwa, na vijana wawili wakinitazama kwa wasiwasi wakidhani nimetumwa. Si ajabu kwa mji huu. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba sebuleni mwao. Nilipiga nilichokuja kupiga, shimo likiwemo. Usiku kwa usiku nikamkata jirani yangu kwenye kompyuta ya kuazima. Viatu vikanishinda. Hadi leo anaelea, kama kipimo cha kidole juu ya ardhi.

Kiswahili cha Katanga kilikuwa na neno la kazi ya namna hii kabla Baloji hajazaliwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokuwa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliikuta michoro iliyotundikwa kwenye sebule za wafanyakazi, picha za Colonie Belge, mtu anachapwa viboko bendera ikipepea, na wenye nayo walimwambia ni ukumbusho. Ndipo Tshibumba Kanda Matulu alipomchorea historia nzima ya nchi, picha kama 100, kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akizieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, haijulikani wapi. Neno lake limebaki. Kumbukumbu hukaa kichwani mwa mtu na hufa naye. Ukumbusho unakaa ukutani, unakushtua unapopita na chai mkononi. Jina la Mémoire ni la Kifaransa, lakini ukimtafsiria mzee wa Likasi atakwambia lile neno la sebuleni. Na lile bango la maporomoko hemani? Nalo liko ukutani, nalo linashtua. Linakumbusha jambo ambalo halijatokea.

Tangu hapo Baloji ameendelea kuunganisha, na kila mara anatafuta mwenzi aliyekwenda mahali kwa miguu yake. Katika filamu ya Mémoire ni mchezaji dansi Faustin Linyekula, mtu wa Kisangani, anayetembeza mwili wake ndani ya magofu ya viwanda huku sauti za wanasiasa wa enzi mbalimbali zikihutubia kuta. Katika Hunting & Collecting ni Chrispin Mvano, mwandishi wa habari na mpiga picha wa Kivu ya Kaskazini ambaye vita vya huko amevifuata kijiji kwa kijiji. Baloji alikuwa na albamu ya afisa wa Kibelgiji, Henry Pauwels, ya safari za uwindaji mashariki mwa Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, ya wanyama waliouawa na watu waliosimama pembeni yao. Albamu hiyo ikawekwa na picha za leo kutoka nchi ile ile, vita vikiwa havijapoa. Bunduki ya kwanza na bunduki ya sasa, mpaka mwembamba kati yao.

Kuna moja ninayoipenda ambayo hata si picha. Mwaka 2018 alipanga maganda ya makombora ya Vita Kuu ya Kwanza, yale ya shaba, akaotesha ndani yake mimea ya sebuleni. Baada ya vita ile Wabelgiji walikuwa na desturi ya kuyaweka maganda hayo nyumbani kama vyombo vya maua, na shaba ya Katanga ilikuwa imeingia katika silaha za vita ile. Kwa hiyo ardhi ya Katanga ilikuwa imefika kwenye uwanja wa vita miaka 60 kabla ya miavuli kushuka hapa, ikiwa imeyeyushwa. Jani bichi linatoka mdomoni mwa ganda. Unaweza kulimwagilia maji.

Mwaka 2016 alikwenda Fungurume, katikati ya njia ya Likasi na Kolwezi, akapiga filamu ya Pungulume. Ni jina la zamani la mahali pale, kabla midomo ya wageni haijaligeuza. Chifu Mpala wa Wasanga na wazee wake wanaisimulia historia yao, na vilima wanavyovitaja ndivyo vinavyochimbwa. Mshono hapa uko kati ya sauti na kinachoonekana: sikio linasikia mlima, jicho linaona ngazi za mgodi.

Nina neno moja la kulaumu. Kazi hizi zimetundikwa Kassel, Venice, Brussels, Tervuren, mahali ambapo watu huja wameshakula. Kweli, Baloji na wenzake walianzisha kituo cha sanaa kiitwacho Picha huko Lubumbashi, na tangu 2008 mji ule una tamasha la sanaa linalorudi kila miaka michache. Lakini Lubumbashi ni kilomita 300 kutoka hapa. Miaka ile ile alipokuwa kambini na kamera, Novemba 2009, tingatinga zilibomoa mamia ya nyumba Kawama, nje ya Lubumbashi kwenyewe, na sidhani kama walioondolewa pale wamewahi kuziona picha za mahema. Labda si kazi ya msanii kuzunguka na misumari na nyundo. Labda ni ya sisi wenye kuta.

Ya kwangu niliichapisha, ukubwa wa kalenda, nikampelekea jirani. Alikaa nayo mlangoni, miwani puani, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliipitishia kidole: dirisha, ngazi, baiskeli. Alinionyesha mwembe ambao sikuuona nilipokuwa pale, kisiki chake kimejificha nyuma ya lile turubai, akaniambia mpiga picha alisimama chini yake, ndiyo maana kulikuwa na kivuli kimoja nisichoweza kukielewa pembeni. Viatu vinavyoelea hakuvitaja. Kisha kidole kikafika kwenye shimo, kikasimama.

"Mwana, hii uchafu ya nyuma, haiwezi kutoka?"

Nikamwambia, Papa, yaweza.

"Basi toa. Na uniwekee ukoka. Kulikuwa na ukoka pale, mama yenu alikuwa anaumwagilia."

Nilikwenda nyumbani, nikafuta shimo, nikaweka ukoka niliouchukua kwenye picha nyingine, nikauvuta hadi juu ya soli za viatu, na mzee akashuka chini. Kazi ya dakika kumi. Ameitundika sebuleni, karibu na televisheni.